Mama Birika na Maneno Kumi na Moja

Jiko la tawi lile la benki lilikuwa nyuma ya ngazi: chumba chembamba chenye sinki moja, jiko la umeme la sahani mbili na rafu ya vikombe kumi na kimoja. Asubuhi, kabla wateja hawajafunguliwa mlango, foleni ya kwanza ya siku haikuwa kaunta, ilikuwa hapo jikoni. Watu wazima, wenye tai na wenye visigino, walijipanga mbele ya mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyefunga aproni. Kila aliyefika mbele aliinama, akatega sikio, akanong'onezwa, akachukua kikombe chake na kuondoka haraka huku midomo ikichezacheza kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa asisahau.

Mwanamke huyo walimwita Mama Birika. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili makao makuu, na huko lilikaa mpaka likazoea.

"Shikamoo mama," alisema meneja, ambaye hakupanga foleni kwa sababu ya cheo. "Leo mimi ni wa ngapi?"

"Marahaba. Wa ishirini na nne, baba."

"Si wa ishirini na tatu?"

"Wa ishirini na tatu ulikuwa mwezi uliopita. Kunywa chai yako."

Asiyejua angedhani wanazungumzia foleni. Kumbe ni hivi. Miaka miwili nyuma benki ilileta mfumo mpya kwenye kompyuta, na mfumo huo ulimtaka kila mfanyakazi awe na neno la siri la kuingilia. Neno lenyewe lilitakiwa liwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama moja ya ajabuajabu ambayo hakuna aliyejua jina lake. Kila baada ya siku thelathini lilikufa, likatakiwa jingine. Ukikosea mara tatu, mfumo unakufungia nje, na kufunguliwa ni kupiga simu makao makuu, ambako simu inakuimbia muziki mpaka saa ya chakula.

Mwanzoni waliandika. Keshia wa dirisha la pili alilibandika lake chini ya kibodi. Afisa mikopo alilificha nyuma ya picha ya harusi yake. Meneja aliliandika kwenye kalenda ya ukutani, nyuma ya kiti chake, mahali ambapo kila mteja aliyeketi mbele yake hana pengine pa kutazama. Ndipo ukaja waraka: ni marufuku kuandika neno la siri mahali popote. Na wale ni watu watiifu. Hawakuandika tena. Walimwambia Mama Birika.

Wa kwanza alikuwa huyo keshia wa dirisha la pili, mtu mwema ambaye, kama kichwa chake kingekuwa cha kuvaliwa kama kofia, angekwisha kukisahau kwenye kiti. Alijua kwamba Mama Birika anakumbuka nani anaweka vijiko vingapi vya sukari, nani ameacha na nani anadanganya kuwa ameacha. Alijua pia kwamba mama huyo anaweza kuwataja kwa mpangilio wote waliowahi kufanya kazi katika tawi lile kwa miaka ishirini na sita, pamoja na yule aliyefanya siku mbili akakimbia. Akamwambia neno lake. Kesho yake akaja kuliuliza, akalipata zima. Habari zikaenea, na kabla mwezi haujaisha yalikuwa maneno kumi na moja. Siku ya kwanza ya mwezi walikuja kuweka, siku nyingine zote walikuja kuchukua. Ikawa benki ndani ya benki, na ile ya ndani haikuwahi kupoteza kitu.

Mama Birika alisoma hadi darasa la saba, akawa wa kwanza kila mwaka isipokuwa ule aliougua surua, na hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Kila neno alilitundika kwenye kikombe cha mwenyewe. Akikishika kikombe chenye ufa, neno la keshia lilikuja lenyewe na herufi zake kubwa na alama yake. Hakuandika hata moja.

"Karatasi haina haya," alisema. "Yeyote atakayeiokota inamsomea. Kichwa changu kina mlango."

Na kweli kilikuwa nao. Afisa mikopo alikuwa mwanamke wa heshima na ndoa yake, lakini neno lake lilikuwa jina la mwanamume ambaye hakuwa mumewe. Mama Birika alimnong'oneza kila asubuhi, uso mkavu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Hata neno la meneja, ambalo lilikuwa lilelile kila mwezi na namba ikipanda tu, halikupata kutoka nje ya jiko lile, na humu pia halitaandikwa.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini ikaja barua. Kuanzia mwezi ujao, ilisema, kila tawi litapata mashine ya chai na kahawa, na wahudumu wa jikoni watapangiwa utaratibu mwingine. Mama Birika aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja. Alikuwa amewaona waliopangiwa utaratibu mwingine. Mpiga chapa alipangiwa, na yule dada wa kupokea simu naye alipangiwa. Hakuna aliyewaona tena isipokuwa msibani.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake ulikuwa na meno ya ziada. Alimpa barua. Wifi akaisoma huku anamenya viazi.

"Basi wifi, pole. Mashine imekushinda."

"Haijanishinda. Mashine itapika chai. Itamwambia meneja yeye ni wa ngapi?"

Wifi akaweka kisu chini. "Kwa hiyo unategemea siri za watu zikushikie kazi."

"Nategemea kichwa changu."

"Mwenye kubeba siri za watu ni punda mwenye mzigo wa mayai. Akianguka, hakuna anayemuuliza punda kaumia wapi."

"Mimi sianguki."

"Punda naye husema hivyohivyo."

Usiku huo Mama Birika hakumwekea wifi pilipili ya pembeni, naye anaipenda.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, akaja mkaguzi wa usalama wa taarifa kutoka makao makuu. Walitarajia mtu mwenye kitambi. Akaja binti wa miaka kama thelathini, viatu bapa, sauti ya upole ya daktari anayekaribia kuchoma sindano. Akawakusanya wote ukumbini. Mama Birika akaingia na birika kumimina chai, na kwa kuwa hakuna mtu anayemwambia mwenye birika atoke, aliisikia semina yote.

"Neno lako la siri ni lako peke yako," mkaguzi alisema. "Usimpe mwenzako. Usimpe fundi. Hata mkurugenzi mkuu akija hapa na gari lenye king'ora, usimpe."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotafuta mahali pa kuweka macho.

"Na sheria mpya ni hii. Ikigundulika mtu ametoa neno lake, aliyelitoa na aliyelipokea wote wawili nje."

Watu kumi na mmoja waligeuka, wakalitazama birika. Mama Birika alikuwa anamimina safu ya tatu, na chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza safari ya kwenye goti la mhasibu. Kwa miaka ishirini na sita hakuwa amemwaga tone.

Ilipofika mapumziko, jikoni hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Meneja alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Mama, tunakuomba kitu kimoja. Sahau."

"Nisahau nini?"

"Kila kitu."

"Na sukari?"

Meneja akawatazama wenzake. "Sukari kumbuka."

"Sikilizeni wanangu. Kusahau si kumwaga maji. Nikikaa nikajiambia leo nisahau neno la fulani, si ndiyo nalitaja? Mnataka nisahau, badilisheni maneno yenu."

"Mfumo haukubali kabla siku thelathini hazijaisha," alisema keshia wa dirisha la pili. "Mpaka makao makuu watoe ruhusa. Na tukiomba watauliza kwa nini."

"Basi sahau langu tu, mama," afisa mikopo alinong'ona.

"Lako, mwanangu, ndilo gumu kuliko yote kusahau."

Wakatoka. Mama Birika akabaki anasugua sufuria iliyokuwa safi. Ukweli ni kwamba hakutaka kusahau. Akisahau, atakuwa mwanamke wa chai, na chai imeshapata mashine. Akikumbuka, atakuwa aliyepokea, na aliyepokea yuko nje. Kotekote palikuwa na mlango, na kotekote mlango ulikuwa wa kutokea.

Alhamisi ilianza na barua pepe. Ilimfikia kila mfanyakazi, ikisema: bonyeza hapa uone orodha ya waliopandishwa vyeo. Tisa walibonyeza. Meneja alibonyeza mara nne, kwa sababu kila mara jina lake halikuonekana.

Saa nne akaja fundi, mwanamume mchangamfu wa ovaroli ya bluu, begani ana ngazi. Alisema ametumwa kukagua nyaya. Mlinzi wa getini hakumuuliza kitambulisho, alimsaidia kubeba ngazi. Mhasibu alimwachia kompyuta iko wazi akaenda msalani. Afisa mikopo alimsomea neno lake herufi moja moja, isipokuwa alimwambia ni jina la mjomba wake. Mmoja baada ya mwingine, wote waliokumbuka walimpa. Keshia wa dirisha la pili alijikuna kichwa.

"Langu limenitoka, ndugu yangu. Nenda jikoni kamuulize mama. Yetu yote anayo."

Fundi akasimama kidogo, kama mtu aliyechimba mhogo akakuta sanduku. Kisha akaenda jikoni.

"Mama, nimeambiwa unatunza maneno ya siri."

"Umeambiwa na nani?"

"Keshia amenituma. Na meneja pia."

"Aliyekutuma ana miguu. Karibu chai."

Fundi akapokea chai, akatabasamu, akasifu chai, akasifu aproni, akasifu watoto ambao hakuwahi kuwaona. Mama Birika akamwongezea maandazi na hakumwongezea kitu kingine. Mwishowe fundi akainua simu ya ukutani, akampigia meneja ofisini, akampa Mama Birika mkono wa simu.

"Mama," ilisema sauti ya meneja, "mpe huyo fundi neno langu, mimi nina mteja hapa."

"Sauti ni yako. Uso siuoni. Njoo."

"Mama, niko hatua kumi na tano kutoka hapo."

"Basi si mbali."

Meneja akaja amekunja uso. Mama Birika akamvuta pembeni, akamnong'oneza sikioni, maana mali ni yake. Meneja akageuka palepale, akamwambia fundi kwa sauti ambayo hata sinki lilisikia. Fundi akaandika kwenye kijidaftari.

Mama Birika akasonya. Miaka miwili alikuwa ameliweka neno lile kama yai la kuku, na mwenyewe amelipasua kwa pumzi moja.

"Na ya wengine, mama?" fundi aliuliza.

"Wengine nao wana miguu."

Akamfuata fundi mpaka mlangoni ili amwambie mlinzi kwamba yule mtu si mtu. Akamkuta mlinzi amemshikia ngazi, anamuaga kwa kumpungia.

Ijumaa, wateja walipokwisha kuondoka, mkaguzi akawaita wote ukumbini. Pembeni yake alikaa fundi, leo amevaa shati na tai, na kadi ya makao makuu shingoni. 

"Mwenzangu huyu alikuja kuwapima, na ile barua pepe ya vyeo ilikuwa yetu," mkaguzi alisema. "Sitasoma majina. Ingekuwa rahisi zaidi nisome majina ya waliofaulu, lakini karatasi iko tupu." Akaitazama tena. "Karibu tupu. Mama, tafadhali njoo mbele."

Mama Birika akafuta mikono kwenye aproni, akaenda.

"Unajua maneno ya siri ya wafanyakazi hawa?"

Meneja alifumba macho. Afisa mikopo alishika pete yake. Mama Birika angeweza kusema hajui, na nani angemfungua kichwa aangalie? Lakini hakuwa amewahi kusema hajui kitu anachokijua, na aliona aibu kuanza uzeeni.

"Ninayajua."

"Mangapi?"

"Yote kumi na moja."

"Basi nitajie, niyaandike kwenye ripoti yangu kama ushahidi."

"Sikutajii."



"Mama, mimi ndiye mkaguzi. Hii hapa kadi yangu, na hii barua ya mkurugenzi mkuu."

"Nimeziona, mwanangu. Lakini Jumanne ulisimama hapohapo, ukasema hata mkurugenzi mkuu mwenyewe akija na gari lenye king'ora asipewe. Wewe hukuja hata na king'ora."

Yule fundi akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Usiponitajia nitajuaje kama kweli unayajua?"

"Hutajua."

"Na ukinitajia?"

"Nitakuwa nimevunja sheria uliyotufundisha, na wewe utakuwa uliyepokea. Sote wawili nje."

Mkaguzi akaishika kalamu yake muda mrefu bila kuandika. Kisha akaiweka chini, akacheka, na alipocheka ndipo walipoona kwamba hakuwa zaidi ya binti wa mtu.

"Mama," alisema, "katika jengo hili kosa lako ndilo kubwa kuliko yote, na wewe ndiye pekee uliyefaulu. Nikiandika hivyo makao makuu, watadhani nimelewa."

Jioni hiyohiyo akafungua ruhusa, na kila mmoja akabadilisha neno lake mbele yake, kompyuta moja moja. Mama Birika aliombwa akae nje kwenye benchi la wateja. Alikaa hapo, mikono magotini, akisikia vibodi vinagonga ndani. Kila mlio ulimwondolea kitu. Ulipofika mlio wa mwisho alijaribu neno la keshia kichwani. Lilikuja, likiwa zima na herufi zake, lakini sasa halikufungua kitu. Akalionea huruma kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Mkaguzi akaja akaketi karibu naye.

"Wao nimewapa barua za onyo. Nikiwafukuza kumi na mmoja, nani atafungua benki Jumatatu? Lakini wewe, mama, siwezi kukuacha jikoni."

"Kwa sababu ya mashine."

"Hata pasipo mashine. Mwezi ukiisha watakuja tena kukunong'oneza. Nawajua sasa. Na wewe huwezi kusahau."

"Siwezi."

"Basi."

Mama Birika akaanza kufungua fundo la aproni mgongoni. Fundo likagoma. Alikuwa amelifunga mwenyewe asubuhi, kwa nguvu, kama mtu asiyetegemea kulifungua mapema.

"Subiri," mkaguzi alisema. "Ule mlango wa ndani, baina ya ukumbi wa wateja na ofisi, nani anakaa hapo?"

"Hakuna. Upo wazi, umewekewa tofali."

"Nataka mtu hapo. Mtu asiyefungua kwa kuwa amepewa tabasamu, wala kwa kuwa amepigiwa simu. Atazame kitambulisho, aandike kwenye kitabu nani ameingia na saa ngapi. Utaweza?"

Mama Birika akafikiri, au alijifanya anafikiri, kwa maana mtu wa darasa la saba hapokei kazi kama anayepokea sadaka.

"Kiti kitakuwa na mgongo?"

"Kitakuwa na mgongo."

"Na hao wa ndani? Nao watatazamwa?"

"Hao ndio wa kwanza."

Nyumbani wifi alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo lenyewe lilikuwa habari.

"Kwa hiyo wifi umeanguka, na mayai yamepasuka," alisema mwishowe, "na bado wamekupa kiti."

"Chenye mgongo."

"Lazima yule binti hajakujua vizuri," alisema wifi, lakini aliondoka kwenda kumtafutia kitambaa cha kutandika juu ya meza ya kazi.

Mashine ya chai ililetwa, ikawekwa penye birika, ikawapa watu maji ya rangi ya kutu. Jumatatu ya kwanza Mama Birika alikaa mlangoni, gauni limepigwa pasi, kitabu mbele, kalamu mbili. Walipita mmoja mmoja na kadi zao shingoni. Keshia wa dirisha la pili aliivaa yake na nyingine ya akiba. Saa mbili kasorobo akafika meneja, ana mkoba mkononi na simu begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kitambulisho."

Meneja akacheka, akasogea. Mlango haukusogea.

"Mama, ni mimi."

"Nakuona."

"Umenipikia chai miaka tisa."

"Tisa na miezi minne. Kitambulisho."

Akapapasa mifuko yote, akaanza upya kama aliyedhani imeongezeka. "Nimekiacha nyumbani, kwenye koti jingine."

"Basi koti hilo ndilo litakaloingia."

Nyuma yake wateja watatu wa mapema walikuwa wameshika viuno, wanatazama. Meneja alimtazama Mama Birika, akatazama kiti chenye mgongo, akaona kwamba hapo hapana foleni ya kurukwa kwa sababu ya cheo. Akageuka akaenda zake nyumbani kufuata koti. Mama Birika akavuta kitabu, akachora mstari kwa rula chini ya majina ya walioingia, akaandika: meneja, amefika saa mbili kasorobo, hajaingia. Kisha akainua uso kwa mteja wa kwanza, akamuuliza amsaidie nini.